Upande wa Mwalimu Desideri

Rashidi alizikwa siku ile ile aliyofariki, kama dini yake inavyotaka, kwa hiyo mimi sikuwahi. Nilikuwa kikaoni Dodoma, simu nimeizima sauti, na nilipoiangalia mchana nikakuta jumbe saba kutoka Sumbawanga: wa kwanza unasema Rashidi amezidiwa, wa mwisho unasema watu wameshatoka makaburini. Nililia chooni kama mtoto, nikanawa uso, nikarudi kikaoni. Nikajiambia nitakwenda arobaini, na arobaini nilikwenda. Wenzangu kazini wakiniuliza nilisomea wapi mambo ya kompyuta huwa nawatajia chuo, lakini huo ni uongo wa heshima tu. Chuoni nilikwenda kuchukua cheti. Kusoma nilisomea Sumbawanga, kwa mwaka mmoja, nyuma ya pazia la buluu katika duka la steshenari jirani na stendi, na aliyenifundisha ni Rashidi. Mwaka huo sijapata kuuandika popote. Sasa nauandika kwa sababu kuna jambo nililifanya, na mtu aliyelibeba amekwenda nalo kaburini.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele ya pazia ndiyo dukani: mashine ya kopi iliyokuwa ikipasha joto chumba kizima, benchi la wateja, madaftari, picha ya Maka ukutani, na harufu ya wino wa unga iliyokuwa inalala kwenye nywele zangu. Nyuma ya pazia ndiyo kwa fundi: meza ndefu, kompyuta zilizofunuliwa matumbo, na redio ambayo Rashidi alikuwa haizimi. Mwenye duka ni mjomba wake, Mzee Nassoro, mtu wa mabasi. Alikuwa na basi la Mbeya na basi la Namanyere, na kila siku saa nne asubuhi alifika, akaketi kwenye kiti cha plastiki barazani, akausalimia mji mzima mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimepanga chumba kwa mjane mmoja, na kazi yangu ilikuwa kopi. Mchana mama ntilie alituletea ugali wa ulezi, mweusi, mzito, wa kukaa tumboni hadi jioni, na dagaa wa Kirando waliokaangwa kwa nyanya. Tulikula sinia moja. Rashidi alikuwa akiwasukuma dagaa upande wangu kwa kidole, kimya kimya, akidhani sioni. Ramadhani yeye alifunga, na bado alimwagiza mama ntilie aniletee, na akaniambia nile bila kujificha, kwani mwenye funga ni yeye.

Mji wetu siku hizo ulijua ugonjwa mmoja wa kompyuta na dawa moja. Ikiwa nzito, piga Windows. Ikiwa na virusi, piga Windows. Ikigoma kusoma flashi, piga Windows, utaona. Maana yake ni kuifuta ile iliyopo na kuweka mpya, na kwa nyaraka za mteja ulimwuliza kama ana kitu cha kuhamisha, ukahamisha, ukapiga. Mafundi wa mji mzima walifanya hivyo, na mimi baada ya miezi mitatu nyuma ya pazia nilikuwa napiga Windows huku nasimulia mambo mengine. Nilijiona fundi. Watu wa kopi walianza kuniita fundi, na jina hilo liliniingia kichwani haraka kuliko ufundi wenyewe. Siku hizi nikiwa na vijana wa kazini wanaotaka kufuta kila kitu na kuanza upya, huwa nakuwa mkali kupita kiasi, nao hawajui hasira hiyo imetoka wapi.

Ilikuwa Jumatatu ya Juni, baridi ile ya kwetu ya kukata masikio, Mwalimu Desideri alipofika kutoka Matai. Alikuwa mwalimu mstaafu na mwalimu wa kwaya wa parokia yao. Alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, mkono wa kulia ukabaki umekunjamana, na kasha la kompyuta alikuwa amelibeba kifuani kwa mkono wa kushoto, limefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Nikamwamkia shikamoo Mwalimu, akaitikia marahaba, akaketi, akaanza kunieleza bila haraka. Kompyuta ilikuwa ya ofisi ya parokia. Karani aliitumia upande wa Windows, na huko ndiko kulikojaa virusi. Yeye alikuwa na upande wake, aliowekewa na bruda mmoja aliyekwisha kuhamishwa, unaitwa Linux, na huko kulikuwa na programu ya kuandikia nota. Ukiwasha mashine inakuuliza unataka kuingia wapi, nawe unachagua. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Huko kwa karani fanyeni mnavyojua. Upande wangu msiuguse."

Nilimsikia vizuri kabisa. Sikumwelewa. Sikuwa nimewahi kuona mashine yenye pande mbili, na kuuliza si ujinga, lakini fundi wa miezi mitatu atamwulizaje mzee wa kwaya? Rashidi alikuwa ameondoka asubuhi ile kwenda Kirando kufunga kompyuta za shule, angerudi Alhamisi. Ningeweza kumwambia Mwalimu asubiri. Nikamwambia atapata Jumatano. Na Jumanne nikapiga Windows. Ilipokwisha nikaona pembeni kuna sehemu ya diski isiyo na jina, nikaibonyeza, mashine ikaniuliza kama niifomati, yaani niisafishe kabisa. Nilijibu hapana, na nisijisifu kwa hilo: mteja wa kopi alikuwa ananiita, nikabonyeza kilichokuwa karibu na kidole. Kazi ya miaka minne ya Mwalimu ilipona kwa sababu mtu alitaka nakala sita za cheti cha kuzaliwa.

Jumatano Mwalimu akaja. Nikamwashia mashine kwa madaha, ikapaa moja kwa moja kwenye Windows, safi, nyepesi. Akangoja. Akaniomba nizime niwashe tena. Nikazima, nikawasha. "Mbona hainiulizi?" akasema. "Menyu yangu iko wapi?" Nikasema uongo wa kwanza, nao ulitoka mdomoni laini kama uji: kwamba ilikuja hivyo hivyo, diski yake ilikuwa imeshaanza kufa. Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la wateja akanieleza, taratibu, kilichokuwa upande ule. Mwanawe, Shemasi Aloisi, alikuwa anapata daraja la upadri baada ya wiki saba, wa kwanza kutoka kijiji chao. Miaka minne Mwalimu alikuwa akitunga misa ya siku hiyo. Bwana utuhurumie na nusu ya Utukufu vilikuwa vimechapwa, kwaya inavijua. Mtakatifu na Mwanakondoo vilikuwa mle ndani tu, kwani alikuwa bado anavisahihisha, na kwenye flashi aliogopa kuviweka kwa sababu ya virusi vya karani. Kuandika upya hangeweza. Akauinua ule mkono wa kulia kidogo kutoka gotini, akaurudisha. Wateja waliokuwepo wakaanza kuguna, na mmoja akasema kwa utani kwamba Sumbawanga hata kompyuta hulogwa, huenda kuna mtu hakutaka kijana yule awe padri. Watu wakacheka kidogo. Nakiri kwamba niliufurahia utani ule. Nilitamani uaminiwe.

Rashidi akarudi Alhamisi, vumbi hadi kwenye kope. Hakuniuliza mengi. Aliiwasha mashine, akatazama, akaniuliza nilipiga lini. Nikasema Jumanne, na machozi yakaja. Akafungua ukurasa unaoonyesha diski, akaweka kidole kwenye kioo: diski ni ya gigabaiti themanini, Windows inaziona arobaini, arobaini nyingine zimekwenda wapi? Kisha akanieleza kwa namna ambayo mpaka leo ndivyo ninavyowaeleza wengine. Mlangoni mwa diski hukaa programu ndogo, kazi yake ni kuuliza tu, unaingia upande gani. Windows ikiwekwa upya humfukuza mlinzi huyo na kuweka wa kwake, na huyu mpya hamjui mtu mwingine yeyote. Chumba cha pili kipo, vitu vimo, ila mlango hauonyeshwi. "Hujaua kitu," akasema. "Umefunga mlango." Nikataka kwenda kumwambia Mwalimu ukweli saa ile ile. Nasema nilitaka, lakini miguu haikunyanyuka.

Mwalimu alikuwa amefikia kwa ndugu yake mjini, na asubuhi ya Ijumaa akaja tena. Mzee Nassoro alikuwa barazani. Rashidi akatoka nje ya pazia akasimama mbele ya wazee wale wawili, akasema: "Mwalimu, nisamehe. Ni mimi niliyepiga Windows, Jumatatu, kabla sijapanda basi la Kirando. Huyu binti hakujua." Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kopi. Mwalimu alimtazama Rashidi, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Nikainamisha kichwa nikapanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Baadaye nyuma ya pazia nilimuuliza kwa nini, akajibu kana kwamba ni jambo dogo: mimi ni mgeni pale, mjomba angenifukuza siku ile ile, lakini yeye ni damu, atagombezwa tu yaishe.

Hayakuisha. Siku hiyo baada ya sala ya Ijumaa mama ntilie alileta maharage na ugali, na Rashidi alikuwa hajarudi kutoka msikitini, nikawa nakula peke yangu nyuma ya pazia. Mzee Nassoro akaingia mbele na mkewe. Hawakujua kama nipo. Kulikuwa na duka jipya lililokuwa likijengwa Namanyere, na kila mtu alijua ni la Rashidi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshachora kwenye daftari meza itakaa wapi, pazia litakuwa la rangi gani. Nikamsikia mzee akisema kwa sauti ya chini kwamba amekaa na Wafipa hawa miaka thelathini, amewazikia na wamemzikia, wala hajawahi kuwaharibia kitu cha altareni. Mtu asiyesikiliza mteja hapewi duka. Namanyere atakwenda Shabani, mpwa wake mwingine. Mkewe akajaribu kumtetea kijana, mzee akasema neno lake ni hilo. Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Kati yangu na ukweli palikuwa na pazia la kitambaa, hatua tatu, na mzee ambaye hakuwa mkatili. Nililirudisha tonge sahanini, nikanyamaza hadi wakaondoka. Watu husema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ule wangu, kipande hicho, haujaenda popote.

Mtandao wa siku hizo usingeweza kuipakua Linux hata kwa wiki nzima. Rashidi akampigia mshikaji wake aliyekuwa chuoni Mbeya, naye akaichoma kwenye CD na kumkabidhi konda wa basi la mzee, imefungwa kwa gazeti na kamba ya katani. Ilifika Jumanne. Mwalimu alikuwa ameitwa, akaketi nyuma ya pazia kwenye stuli ya Rashidi, blanketi magotini kwa baridi. Rashidi akanivutia kiti mimi. Nikamwambia afanye yeye. Akainama akaniambia sikioni, bila ukali wowote, aliyefunga mlango ndiye aufungue. Nikakaa. Tuliwasha mashine kwa ile CD badala ya diski, tukaikuta ile sehemu isiyo na jina, na nilipoifungua likatokea jalada limeandikwa Misa ya Aloisi. Mwalimu akasema kitu kwa Kifipa, polepole, si kwa kutuambia sisi. Rashidi akaamuru tuhamishe kwanza nota kwenye flashi mpya, watoto watoke, nyumba tutaishughulikia baadaye.

Kisha tukaanza kumrudisha mlinzi mlangoni. Unaandika maneno kwenye kioo cheusi, na herufi moja ikikosewa hakuna kitu. Mara ya kwanza nilimweka ndani ya chumba badala ya mlangoni, yaani kwenye sehemu ya tano ya diski badala ya diski yenyewe. Tukatoa CD, tukawasha, Windows ikapaa kama kawaida. Rashidi alisoma nilichoandika, akafuta tarakimu ile tano kwa kidole chake, akanirudishia kibodi. Tukawasha tena. Kioo kikawa cheusi, kisha ikaja menyu, mistari miwili, Linux juu, Windows chini, ikihesabu sekunde kumi ikingoja kuambiwa. Mwalimu hakuigusa. Aliiacha ihesabu hadi mwisho ikaingia yenyewe upande wake. Aliipenda ile hali ya kuulizwa, nadhani. Alifungua Mtakatifu, akaanza kuimba sauti ya nne kwa kunong'ona, kichwa kimeegemea mkono mzima, na hakuna aliyesogea mpaka alipomaliza. Alipokuwa akiondoka alimshika Rashidi bega. Mimi akaniambia tu, "Haya, binti," akaningoja kidogo, kana kwamba kuna kitu nimesahau kumpa. Nikamsindikiza hadi stendi nikiwa nimembebea kasha lake, na njia nzima nikaongelea hali ya hewa.

Kijana alipata daraja lake mwishoni mwa Julai. Basi la Mzee Nassoro ndilo lililobeba kwaya, na mzee mwenyewe alikaa na wazee wa parokia, kofia yake nyeupe ikionekana kutoka mbali. Mtakatifu ilipoanza nilikuwa nyuma kabisa ya uwanja. Sijui muziki, ila najua watu walivyonyamaza, hata wale wa jikoni waliokuwa wanasonga. Rashidi alikuwa kwenye spika, ameshikilia waya uliokuwa unakatika, anatabasamu. Mwezi uliofuata Shabani alihamia Namanyere na lile daftari la michoro, na mimi nikapata nafasi ya chuo. Barua yangu ya kunisifu iliandikwa na Rashidi na kutiwa sahihi na mjomba wake. Ilisema mimi ni mwaminifu.

Miaka karibu ishirini Rashidi alibaki nyuma ya pazia lile. Nilimtumia salamu za Idi, na yeye za Krismasi. Mara mbili nilianza kuandika ujumbe mrefu, mara mbili nikaufuta. Hakunikumbusha hata siku moja, na nadhani alikuwa amesahau kweli, maana watu wa aina yake huwa hawaweki kumbukumbu ya wema wao. Siku ya arobaini nilifunga kanga, nikakaa na wanawake uani. Tulipakuliwa pilau, na mjane wake, Mwanaisha, akaja kuketi karibu yangu, akanishika mkono akawaambia wenzake: "Huyu ndiye Skola. Marehemu alikuwa akisema, wanafunzi wote waliopita kwake, huyu peke yake hakuwahi kumharibia kitu." Nikaisogeza pilau pembeni.

Nikatoka. Barazani, kwenye benchi la peke yake, palikuwa na mzee mwembamba mwenye rozari mfukoni na mkono wa kulia uliokunjamana. Nikamwamkia, nikapiga goti, kisha nikamwambia, kwa sauti kubwa kidogo kwa kuwa masikio yake yamechoka, kwamba mwaka ule aliyepiga Windows ni mimi.

"Najua," Mwalimu Desideri akasema. "Jumatatu ile mimi nashuka na kasha langu stendi, Rashidi nilimwona amekaa dirishani kwenye basi la Kirando. Yeye hakuniona. Basi liliondoka kabla sijafika dukani kwenu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mtu alikuwa amekufunika shuka, mwanangu. Nikufunue mimi? Nilikuwa nakungoja wewe." Akatazama ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi. "Tena mimi si wa kuambiwa. Nilipata misa yangu. Aliyeko ndani ndiye hajui."

Mzee Nassoro alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mwili umeisha, macho yako vilevile. Watoto wa Rashidi walikuwa wameketi mkekani, Mwanaisha akaingia nyuma yangu na sinia la chai. Nikasema shikamoo Mzee, akaitikia, akanitambua kwa sauti. Nikamwambia nina neno. Nikalisema lote, kuanzia Jumatatu hadi pazia hadi tonge la ugali, mbele yao wote, wala sikulia, kwa sababu kulia kungekuwa kuomba nionewe huruma. Nilipomaliza, Mwanaisha aliliweka sinia chini. Mzee alikuwa akiutazama mkeka, midomo inasogea, akihesabu sijui miaka, sijui nini.

"Kwa hiyo Namanyere ilikuwa yake," akasema.

Nikasema ndiyo, Mzee. Ilikuwa yake.